Mwongozo kamili wa kutumia akupancha kupunguza kipandauso, kuanzia daftari mpaka sindano ya mwisho

Kama una kipandauso huhitaji mtu akueleze kinavyouma, unajua mwenyewe. Upande mmoja wa kichwa unapiga kama kuna mtu anagonga kwa ndani, mwanga unakukera, hata kijiko kikigusa kikombe unasikia mpaka kwenye meno, tumbo linachafuka, na unachotaka ni chumba chenye giza na watu wote wanyamaze. Kinaweza kukaa masaa manne, kinaweza kukaa siku tatu nzima. Mimi nimeishi nacho zaidi ya miaka kumi na katika vitu vyote nilivyojaribu, akupancha, yani ile tiba ya sindano nyembamba za Kichina, ndo naulizwa kila siku. Swali ni moja tu, inasaidia au haisaidii? Jibu langu halibadiliki: inasaidia watu wengi, ila uitumie kama kinga, umalize dozi yake, na uwe unahesabu siku zako. Ukienda siku kichwa kinapasuka, ukachomwa mara moja afu hukurudi tena, utatoka hapo hujui chochote na hela imeenda.

Sa twende taratibu, hatua kwa hatua, na naomba usiruke mbili za mwanzo hata kama una haraka ya kufika kwenye sindano.

Hatua ya 1: hakikisha ni kipandauso kweli

Muone daktari kwanza, daktari wa kawaida wa hospitali, akuthibitishie. Si kila kichwa kinachouma upande mmoja ni kipandauso, na sindano hazitibu uvimbe wala damu iliyovuja kwenye ubongo. Kuna dalili ambazo ukiziona hutakiwi kutafuta akupancha wala kusubiri kesho, ni hospitali haraka. Mojawapo ni maumivu yanayolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja hivi, nyingine ni kichwa pamoja na homa na shingo kukakamaa, nyingine ni mkono au mguu kukosa nguvu, mdomo kwenda upande, kuongea maneno yasiyoeleweka, kuchanganyikiwa au kuzimia. Kichwa kilichoanza baada ya kuumia kichwani nacho ni hivohivo. Kuna pia wale ambao wanatakiwa kuchunguzwa mapema hata kama si dharura: aliyeanza kuumwa kichwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwenye saratani au kinga ya mwili iliyoshuka, na yeyote ambaye kichwa chake cha siku zote kimebadilika tabia.

Kitu kingine ambacho wanawake wengi hawaambiwi, na kipandauso kinawapata wanawake karibu mara tatu ya wanaume, ni habari ya aura. Kama kabla ya kichwa kuanza unaona vimulimuli, mistari ya zigizaga, au ganzi inatembea toka vidoleni mpaka usoni kwa dakika 5 mpaka 60, hiyo ni aura, na mwambie daktari kabla hujatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni mana aura na hivyo vidonge pamoja vinaongeza hatari ya kiharusi. Haihusiani na sindano lakini nisingeweza kuandika mwongozo huu nikanyamaza kuhusu hilo.

Hatua ya 2: daftari, wiki nne kabla ya sindano ya kwanza

Hapa ndo watu wanaponichoka lakini sirudi nyuma. Chukua daftari au kalenda ya simu na kila siku andika vitu vitano: kichwa kimeuma au hakijauma, kimeuma kiasi gani kati ya 0 mpaka 10, kimekaa masaa mangapi, umemeza dawa gani na mara ngapi, na kitu cha pekee kilichotokea siku hiyo (usingizi mbovu, hedhi, kuruka mlo, stresi, pombe). Basi. Haichukui hata dakika mbili. Usiandike insha, ukiandika insha utaacha siku ya nne.

Kwanini nasisitiza? Kipandauso kina kawaida ya kupanda na kushuka chenyewe. Watu wanaenda kutafuta tiba mwezi ambao hali imekuwa mbaya sana, afu mwezi unaofata hali inapoa yenyewe kama ambavyo ingepoa tu, wanasema sindano zimeniponya. Au kinyume chake, sindano zimepunguza siku kutoka nane mpaka tano lakini mtu anakumbuka tu ile siku moja mbaya ya juzi, anasema hazijafanya kitu. Kichwa kinachouma hakina kumbukumbu nzuri jamani, daftari linayo.

Daftari litakuonesha pia kama dawa zenyewe zinakuletea kichwa. Ukitumia dawa za kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani (dawa maalumu za kuzima shambulio la kipandauso), dawa za mchanganyiko au zenye kodeini siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, unaweza kuwa na kichwa kinachosababishwa na dawa za kichwa. Hapo mzungumze na daktari jinsi ya kupunguza, mana hata sindano zikiwa nzuri kiasi gani zitakuwa zinachota maji kwenye mtumbwi wenye tundu. Na kama siku za kichwa zinafika 15 au zaidi kwa mwezi, miezi zaidi ya mitatu, na angalau 8 kati ya hizo ni za kipandauso, hicho kinaitwa kipandauso sugu na unahitaji daktari awe karibu muda wote.

Hatua ya 3: jua unachoweza kutegemea

Mwaka 2016 shirika la Cochrane, hawa kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, walitoa mapitio ya tafiti 22 zenye washiriki karibu 5,000 wenye kipandauso kinachokuja na kuondoka. Walichokipata ukikiweka kwa lugha ya daftari lako ni hivi: chukua mtu mwenye siku sita za kipandauso kwa mwezi. Akiendelea na matibabu yake ya kawaida tu anashuka mpaka siku tano. Akipewa sindano za kuigiza, yani zinachomwa juujuu au sehemu zisizo zenyewe, au akipewa dawa za kinga, yani zile za kuzuia kipandauso kisije, anashuka mpaka nne. Akipewa akupancha ya kweli anashuka mpaka tatu na nusu.

Soma tena hizo namba polepole. Utaona mambo mawili. Moja, akupancha haijapitwa na dawa za kinga, na kwenye mapitio hayohayo waliochomwa sindano walipata madhara machache na wachache zaidi waliacha tiba kwa sababu ya madhara. Pili, tofauti kati ya sindano ya kweli na ya kuigiza ni ndogo. Wapo wanaotumia hilo la pili kusema ni mchezo wa akili tu. Mimi naona hivi, sindano ya kuigiza nayo inachoma ngozi na kugusa neva, na mtu analala kimya nusu saa anahudumiwa, sa sishangai kama nayo inafanya kitu. Kwa mgonjwa tofauti ya siku sita na siku tatu na nusu ni siku mbili na nusu za kuishi, kila mwezi. Ila hutasikia mimi nikisema inaponya. Haiponyi, na anayekuahidi kuponya kabisa mkimbie.

Inafanyaje kazi? Kwenye kipandauso neva kubwa inayohudumia uso na utando wa ubongo, inaitwa trijemina, inachachamaa na kumwaga kemikali, maarufu yao inaitwa kwa kifupi CGRP, zinazotanua mishipa ya damu na kukuza maumivu. Inadhaniwa sindano inasisimua neva za ngozi na misuli, ubongo unajibu kwa kutoa endofini ambazo ni dawa za maumivu za mwili wenyewe, na misuli ya shingo iliyokaza inalegea. Wachina wa kale wanaeleza kwa njia za nguvu zinazopita mwilini. Huhitaji kuziamini hizo njia ili upate nafuu, lakini ni vizuri uzifahamu mana mtaalamu atakuchoma mguuni wakati kinachouma ni kichwa na utashangaa.

Hatua ya 4: kuchagua mtaalamu

Uliza mambo haya bila aibu, kabla hujalala kitandani: amesomea wapi na kwa muda gani, ana leseni au usajili kama nchi yako inadai, ametibu watu wangapi wa kipandauso, na sindano zake zinatumika mara moja tu na kutupwa? Hilo la mwisho halina mjadala. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukuletea homa ya ini au virusi vya ukimwi. Sehemu moja nilienda nikaona sindano ziko kwenye kisahani hazina pakiti, nikamuuliza, "Daktari, samahani, hizi ni mpya?" akanijibu zimeoshwa vizuri. Nikamshukuru, nikavaa viatu nikaondoka. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, afu sindano ikitoka mwilini iingie kwenye boksi gumu la vitu vyenye ncha kali.

Mtaalamu mzuri anakuuliza maswali mengi kabla ya kukugusa. Anataka kujua kichwa kinaanzia wapi, kinaongezeka saa ngapi, unalala vipi, hedhi ikoje, dawa gani unakunywa. Mwoneshe daftari. Akiliangalia na kulisoma, hiyo ni dalili nzuri. Akikwambia "acha dawa zote za hospitali tuanze upya", hiyo ni mbaya, toka.

Na wewe mwambie ukweli: kama ni mjamzito au unaweza kuwa mjamzito, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una ugonjwa wa damu kutokuganda, kama una kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo (huyu asiunganishwe na umeme kwenye sindano), kama kinga yako iko chini, kama una kifafa, kama sindano zinakutisha mpaka unazimia. Mengi kati ya hayo hayakuzuii, yanambadilishia tu namna ya kufanya.

Hatua ya 5: siku ya kwanza

Kula kabla, chakula cha kawaida tu, masaa mawili hivi kabla. Kwenda na njaa ni moja ya sababu za watu kuzimia kwenye sindano. Vaa nguo zinazokunjika mpaka magotini na kwenye viwiko. Usinywe pombe siku hiyo. Fika mapema kidogo upumue, kama umekimbia na moyo unadunda mwambie asubiri.

Omba ulale, usikae kwenye kiti, hasa mara ya kwanza, mana ukipata kizunguzungu umeshalala tayari. Na jiweke vizuri shingo kabla hajaanza! Mimi mara ya kwanza nililala shingo imepinda nikaona aibu kusema, sindano zikaingia, nikakaa hivo nusu saa, nikaondoka na kichwa kipya ambacho sikuja nacho.

Sindano zenyewe ni nyembamba sana, unene wake ni sehemu ya milimita, nyingi kati ya 0.16 na 0.30, ni ngumu na hazina tundu la kupitisha dawa kama zile za hospitali. Ikiingia utasikia kama mbu kakugusa au husikii kabisa. Baadae, akiizungusha kidogo, inakuja hali ya uzito, ganzi kidogo, au kama kitu kinavuta kwa ndani. Wenyewe wanaiita deqi na wanaitafuta makusudi. Lakini maumivu makali, ya kuunguza au kama shoti ya umeme, si deqi, sema hapohapo airudishe nyuma. Zinakaa dakika 20 mpaka 30. Wengi wanasinzia.

Hatua ya 6: wanachoma wapi

Hapa nakaa kidogo mana kujua kunaondoa woga. Maumivu ya kipandauso mengi yako pembeni ya kichwa, na kwa ramani ya Kichina huko inapita njia ya nyongo, inaanzia kona ya nje ya jicho, inazunguka sikio na pembeni ya kichwa, inashuka shingoni, begani na ubavuni mpaka kidole cha nne cha mguu. Ndo mana sindano zinagawanywa, chache karibu na maumivu na chache mbali.

Za karibu: Taiyang iko kwenye panja, kile kibonde kati ya mwisho wa nyusi na kona ya jicho kuelekea nyuma. Shuaigu iko ndani ya nywele, vidole viwili juu ya ncha ya sikio. Fengchi ni vile vishimo viwili chini ya fuvu nyuma ya shingo, kila upande wa misuli, ukibonyeza mwenyewe sasa hivi utaguna. Baihui iko utosini. Za mbali: Hegu, kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Waiguan, vidole vitatu juu ya kiwiko cha mkono kwa nyuma, namaanisha pale mkono unapokunjia kabla ya kiganja, si kile kiwiko cha katikati. Taichong, juu ya mguu kati ya kidole gumba na cha pili. Zulinqi, juu ya mguu kati ya mifupa ya kidole cha nne na cha mwisho. Kama kichefuchefu ndo kinakutesa ataongeza Neiguan upande wa ndani wa mkono. Mtaalamu anachagua kadhaa kati ya hizo, hachomi zote, na anaweza kubadilisha kila kikao.

Hegu haichomwi kwa mjamzito kwa desturi ya tiba hii, ndo mana nilisema mwambie mapema.

Fengchi na shingo kwa ujumla, pamoja na mabega na kifua, zinahitaji mkono wa mtu aliyefundishwa. Sindano ikienda pabaya kwenye bega au kifuani inaweza kutoboa pafu. Ni nadra sana, lakini ukipata kubanwa pumzi au kifua kuuma baada ya kikao, masaa au hata siku iliyofata, nenda hospitali na uwaambie ulichomwa sindano wapi. Na kwa sababu hiyo usijichome mwenyewe nyumbani kwa kuangalia video. Nakuomba.

Hatua ya 7: dozi na ratiba

Muongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, kwa watu ambao dawa za kinga topirameti na propranololi haziwafai au hazijawasaidia, ulisema fikiria mpaka vikao 10 ndani ya wiki 5 mpaka 8. Hiyo ndo dozi ninayopendekeza mtu aipange na aitafutie hela kabla hajaanza. Vikao viwili kwa wiki mwanzoni, afu kimoja. Nchini China wanaenda kasi zaidi, utafiti mmoja uliotoka 2017 kwa watu 249 wenye kipandauso kisicho na aura ulitumia vikao 20 ndani ya wiki nne, na baada ya wiki 16 waliochomwa kweli walikuwa wamepungukiwa mashambulizi 3.2, wa sindano za kuigiza 2.1, waliosubiri foleni bila sindano 1.4.

Usitegemee kikao cha kwanza wala cha pili. Kuna watu kichwa kinauma jioni ya siku ya kwanza, kinapoa, usiogope. Alama ndogo ya bluu kwenye ngozi, tone la damu, usingizi mzito, hayo ni ya kawaida. Usiendeshe gari mara moja kama unajisikia mlegevu, kaa dakika kumi unywe maji.

Hatua ya 8: katikati ya vikao

Dawa zako za kinga usiziache, utazipunguza baadae na daktari wako kama namba zinaruhusu. Dawa ya shambulio nayo meza mapema kichwa kinapoanza, usijikaze eti unataka kuona sindano zinafanya kazi. Lala na kuamka muda uleule, usiruke milo, kunywa maji.

Unaweza kujibonyeza mwenyewe, hiyo haina ncha. Bonyeza Hegu kwa kidole gumba cha mkono wa pili (kama si mjamzito), kwa nguvu ya kuuma kidogo, dakika moja mpaka mbili, afu badilisha mkono. Fengchi weka vidole gumba viwili chini ya fuvu, egemeza kichwa nyuma polepole, pumua. Mimi nafanya nikisikia tu shingo inaanza kukaza. Siku nyingine inazuia, siku nyingine haizuii na nameza dawa yangu.

Na daftari linaendelea, kila siku, vitu vitano vilevile.

Hatua ya 9: kuhesabu

Baada ya kikao cha mwisho subiri, endelea kuandika wiki nne nyingine. Afu weka wiki nne za kabla na wiki nne za baada pembeni kwa pembeni. Hesabu siku za kichwa, hesabu siku ulizomeza dawa. Zikishuka nusu au zaidi, hayo ni mafanikio makubwa. Zikishuka robo mpaka theluthi, na wewe unaona maisha yamebadilika, endelea. Kama siku ni zilezile lakini ukali umetoka 8 mpaka 5 na dawa zimepungua, hilo nalo ni la kweli, lihesabu. Kama hakuna kilichosogea baada ya vikao 10 vilivyofanywa vizuri, acha, rudi kwa daktari mzungumze dawa nyingine za kinga, na usikubali mtu akuuzie vikao 20 zaidi kwa matumaini tu.

Ukifanikiwa usikate ghafla. Sogeza vikao taratibu, kimoja kila wiki mbili, afu kimoja kwa mwezi, afu uache kwanza uone. Mimi nakaa miezi kadhaa bila sindano hata moja, daftari liko pembeni ya kitanda, na mwezi ambao siku zinavuka tano ndo napiga simu kuomba nafasi.